Mapenzi ya kuchomekwa kwenye muvi za mapigano na upelelezi: wanaoyakataa wana hoja au wana roho ngumu?

Mleta mada, Mwanjelwa, Mbeya

Habari za jioni, wadau. Kazi yangu ni kurusha muvi na sizoni kwenye flashi na simu, hapa Mwanjelwa. Kuna ombi nalisikia mara nyingi mno, nikaona nililete tulijadili. Mteja anasogea mezani, anatoa flashi, anasema: "Nijazie za mapigano, ila zile za mapenzimapenzi weka pembeni." Mwingine anataka za upelelezi, mwingine za kutisha, sharti ni lilelile. Na si kundi moja la watu. Yumo dereva wa lori anayeelekea Tunduma, yumo mwanachuo, yumo mama anayeuza viazi sokoni.

Wapo wanaowacheka na kuwaita washamba, au kusema wameumizwa huko kwenye mapenzi yao wanamalizia hasira kwenye muvi. Mimi naona wana haki kabisa.

Siku moja nilikuwa banda la video, inaonyeshwa muvi ya kijeshi iliyotafsiriwa. Bomu liko chini ya stesheni ya treni, zimebaki dakika nne. Steling anafika kwenye ngazi, anakutana na yule binti waliyekorofishana mwanzoni, anasimama. Muziki unakuwa wa vinanda. Wanatazamana. Anamshika kidevu. Mtafsiri, ambaye muda mfupi kabla ya hapo sauti ilikuwa inamkauka kwa kupiga kelele, akaishiwa maneno, akabaki kurudia tu: "Anamwambia anampenda, anamwambia anampenda." Nyuma pale mtu akapaza sauti: "Peleka mbele!" Mwenye rimoti akapeleka mbele, tukaibukia steling anakata waya. Hakuna aliyeuliza nini kimepita. Banda zima liliendelea na hadithi kama kawaida.

Kipande unachoweza kukiruka na watu mia wakaelewa kila kitu, kilikuwa na kazi gani? Tena kiliharibu. Ile saa ya bomu ilikuwa imetushika roho, kisha mtengenezaji mwenyewe akatuonyesha kwamba dakika zake nne hazina haraka. Mtu anayekimbilia kuokoa roho za watu hasimami kwenye ngazi.

Halafu mwisho unaujua mapema. Steling hafi, hilo tumelizoea na tunalisamehe. Lakini binti akishatokea unajua atatekwa, unajua ataokolewa, unajua watabusiana moshi ukiwa bado unafuka. Jina lake hata hulikumbuki. Kawekwa awe zawadi ya mshindi.

Na liko la nyumbani. Wengi wetu tuna TV moja sebuleni. Baba mkwe amekuja kutoka Rungwe, watoto wako chini kwenye mkeka, wewe umechagua muvi ya upelelezi makusudi ili wote muweze kukaa pamoja. Katikati ya ushahidi na alama za vidole, ghafla watu wanavuana mashati. Mama anakumbuka jiko, mzee anaanza kuuliza habari za mvua. Huo si unafiki jamani, ni heshima ya nyumba, na mtu aliyechagua vizuri ana haki ya kupata alichochagua.

Karibuni, hasa mnaopinga.

Dada wa Kihesa, Iringa

Kamwene, mleta mada. Nakuunga mkono, lakini sababu yangu kubwa umeigusa na kuipita.

Tunaambiwa mapenzi yanawekwa ili wanawake nao waje kutazama. Mimi ni mwanamke, napenda muvi za vita na za anga za mbali tangu niko sekondari, na maneno hayo yananiudhi. Ina maana mimi siwezi kufuata mpango wa vita bila kuonyeshwa busu? Angalia yaliyotokea kwenye muvi za The Hobbit. Kitabu cha J. R. R. Tolkien cha mwaka 1937 hakina mwanamke shujaa. Mwongozaji wa muvi hizo, Peter Jackson, akamwongeza mmoja, Tauriel, mpiga mishale hodari, na hilo nililifurahia sana. Mwigizaji wake, Evangeline Lilly, ameeleza kwamba alikubali kazi kwa sharti kwamba asiwekwe katikati ya wanaume wawili wanaomgombania. Wakamkubalia. Mwaka 2012 walipoitwa kurekodi vipande vya nyongeza, akakuta mapenzi yaleyale aliyoyakataa yameshaandikwa. Muvi ya 2013 ukiitazama unaona kabisa: askari anayejiuliza kwa nini watu wake wanajifungia wakati uovu unaenea nje, swali kubwa kabisa, anageuzwa mtu wa kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa mzuri wa sura.

Walimpa upinde, wakamnyang'anya hoja yake. Hilo ndilo linaloniuma.

Mwalimu mstaafu wa fasihi, Njombe

Wanangu, hamjambo. Naomba kutofautiana nanyi, na naomba mnisome mpaka mwisho.

Kilio hiki si cha leo. Mwaka 1928 mwandishi wa Marekani aliyejiita S. S. Van Dine alitoa kanuni 20 za hadithi za upelelezi, na ya tatu ilisema mapenzi yasiwemo. Kazi ni kumfikisha mhalifu mbele ya sheria, si kumfikisha kijana kwenye ndoa. Dorothy L. Sayers wa Uingereza, miaka hiyohiyo, naye aliandika kwamba mapenzi kwenye upelelezi yakipungua ndiyo bora. Lakini tazameni alichokuja kufanya. Mwaka 1930 alitunga hadithi ambayo mpelelezi wake, Lord Peter Wimsey, anampenda mwanamke aliyeshtakiwa kwa mauaji na anayekabiliwa na kitanzi. Asipompata muuaji wa kweli, anayempenda ananyongwa. Hapo upelelezi na mapenzi ni kamba moja. Na mwaka 1937 akawaozesha katika kitabu ambacho yeye mwenyewe alikiita, chini ya jina lake, hadithi ya mapenzi yenye kukatizwa na upelelezi. Mtu aliyeijua fani hiyo kuliko sisi sote alianza upande wenu akaishia upande wangu.

Njooni nyumbani. Kizazi chetu tulisoma vitabu vya Elvis Musiba kwa kubadilishana mpaka majalada yakatoka. Kufa na Kupona kilitoka 1974, na Willy Gamba tulimpenda hivyo alivyo: jasusi asiyeogopa risasi, lakini mbele ya mwanamke mzuri unaanza kumwogopea. Huo ndio mlango wa adui. Mkiuziba, mnabaki na mashine yenye bastola.

Mnachokishitaki ninyi ni uandishi mbovu. Mwandishi mbovu ataharibu hata mazishi.

Mama wa Mafinga

Shikamoo, Mwalimu. Wengine habari zenu.

Mimi nasema upande wangu kwa kifupi. Natoka kazini kwenye mbao nimechoka, nataka muvi yenye kukimbizana na yenye kupendana humohumo. Nikiona yule aliyenyanyaswa mwanzoni anapata mtu wa kumjali, usingizi unakuja vizuri. Sioni kwa nini nikatazwe. Wasiotaka wapeleke mbele, mimi waniachie.

Kijana wa Tukuyu

Mama, hakuna anayekukataza, shikamoo kwanza.

Naongeza jambo moja ambalo halijasemwa. Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles mwaka 2023 kiliwauliza vijana 1,500 wa Marekani kuhusu muvi na sizoni. Kati ya waliokuwa na miaka 13 hadi 24, asilimia 51.5 walitaka kuona zaidi habari za urafiki. Mimi ni mmoja wao ingawa sikuulizwa. Sisi vijana tunaishi kwa marafiki: tunapanga chumba pamoja, tunauguzana, tunakopeshana nauli ya kurudi nyumbani. Halafu kwenye muvi mwanamume na mwanamke wakifanya kazi pamoja tu, lazima walale pamoja kabla ya kumaliza. Rafiki wa steling kazi yake ni kufa ili steling akasirike. Nataka kuona urafiki wenyewe ukibeba hadithi.

Mleta mada

Kijana umenisaidia. Kwa Mwalimu narudi na heshima zote.

Mwalimu, mfano wako wa yule mwanamke wa kitanzi unathibitisha ninachokisema. Ukiyaondoa mapenzi pale, hadithi inakufa, kwa hiyo mapenzi yana kazi. Sina ugomvi nayo, na hata wale wateja wangu nadhani wasingekuwa nao. Wanachonieleza mezani ni ile nyingine, ya dakika nne za bomu. Lakini hilo la kusema "ni uandishi mbovu tu" silipokei moja kwa moja. Uandishi mbovu wa mapigano unatofautiana kila muvi: huyu anakosea risasi, yule anakosea magari. Mapenzi haya yanakosewa namna moja, mahali palepale, miaka nenda rudi. Hapo kuna mtu mwenye pesa anayesema "lazima yawemo", na mwandishi anatii. Dada wa Kihesa kaleta ushahidi wa mwigizaji aliyekubaliwa kwa mdomo akageukwa kwenye kurekodi.

Na bila mapenzi inawezekana. Muvi ya Mad Max ya 2015 ina mwanamume na mwanamke jangwani, kila mmoja akimhitaji mwenzake ili awe hai kesho. Kuna mahali risasi zimebaki chache, mwanamume anakosa shabaha, anampa mwanamke bunduki na kumwachia bega lake aegemeze mtutu. Hawabusiani mwanzo mpaka mwisho. Wateja wangu wanairudia kuichukua. Na hapa kwetu mwandishi Muhammed Said Abdulla alishatupa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, 1960. Mzigo wa kitabu kile wanaubeba yeye na rafiki yake Najum, wakiwaza na kubishana.

Mwalimu mstaafu, Njombe

Hoja ya mwenye pesa naikubali. Nami nina swali. Siku tukipata fedha za kutengeneza muvi kubwa ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, mtaifanyaje? Mtu alikuwa na wake, alikuwa na nyumba. Mkimwonyesha vitani tu, watoto watakaotazama watadhani mababu zao walikuwa wa mikuki bila moyo. Wazungu walishatuchora hivyo. Mimi ningetaka waone Mhehe akipenda.

Dada wa Kihesa, Iringa

Mwalimu, hapo umenigusa, maana hofu hiyo ya kuchorwa bila moyo ninayo na mimi. Na waone akipenda, sawa. Ila nakuomba uangalie mapenzi gani yamo tayari kwenye habari yenyewe.

Agosti 17, 1891, Wahehe wanalipiga jeshi la Zelewski, kamanda wa Wajerumani, pale Lugalo, naye mwenyewe anauawa. Mwaka 1894 Wajerumani wanaivunja ngome ya Kalenga, Mkwawa anaingia porini. Mwishoni mwa 1896 wanamtawaza ndugu yake, Mpangile, akae kwenye kiti cha kaka yake aliye hai. Mwanzoni mwa 1897, baada ya miezi michache tu, wanamgeuka wanamuua, wakimshuku kwamba anamsaidia huyohuyo kaka. Mkwawa anaendelea kuwindwa mpaka Julai 1898, anajipiga risasi asikamatwe. Fuvu lake lilirudi 1954, nenda Kalenga ulione.

Ndugu wawili, kiti kimoja, na mpaka leo watu wanabishana kama Mpangile alisaliti au alijitoa. Mimi nataka saa nzima ya hiyo: wawili hao walivyokuwa watoto, walichoambiana mara ya mwisho, mke wa Mpangile akimtazama mumewe akivishwa cheo na Wajerumani. Hapo mapenzi yapo, Mwalimu, ya ndoa na ya damu. Ninachokikataa ni yule binti wa mmisionari atakayeletwa ili Mkwawa apate wa kumtazama machoni jua likizama. Na nina hakika mwenye pesa atamtaka.

Mwalimu mstaafu, Njombe

Huyo binti wa mmisionari hata mimi namkataa. Lakini mke wa Mpangile umemleta wewe mwenyewe, na nitakushika hapohapo: mpe maneno yake, mpe na usiku wake na mumewe kabla hajauawa. Usiniambie usiku huo upelekwe mbele.

Dada wa Kihesa, Iringa

Huo hapana, Mwalimu. Huo naukalia chini kuutazama.

Mleta mada

Kwenye kompyuta ya dukani nimefungua folda mpya, nimeiandika "Bila mapenzi ya kuchomeka". Leteni majina ya muvi hapa, na Mama wa Mafinga naye alete zake, nimfungulie ya kwake.