CV ya Kifaransa kwa kazi ya mizigo ya Kongo, naombeni ushauri

Kijana wa Kurasini
Wakuu habari. Kuna wakala wa forodha hapa mjini anayepitisha mizigo ya Lubumbashi na Kolwezi, anatafuta ofisa nyaraka. Anataka CV na barua kwa Kifaransa. Nina shahada ya ugavi, bandarini nimefanya kazi, Kifaransa nimesoma hadi B1, yaani ngazi ya kati. CV yangu ya Kiingereza ina kurasa nne. Niitupie Google Translate halafu nirekebishe? Mwisho ni Ijumaa.

Mtoto wa Gerezani
Basi na kwenye usaili umpeleke huyo Google.

Shangazi Upanga
Mdogo wangu, achana naye. Kinachokuponza ni hizo kurasa nne. Waliosoma kwa mfumo wa Kifaransa wamezoea ukurasa mmoja, miwili kwa mwenye miaka mingi kazini. Shule ya msingi toa. Wadhamini watatu toa, wakiwahitaji watakuomba. Anza na Expérience professionnelle (uzoefu wa kazi), kazi ya karibuni ikitangulia, kisha Formation (elimu), Compétences (ujuzi), Langues (lugha). Shahada ya miaka mitatu kwao ni Licence.

Majukumu yako yaandike kwa nomino: "Suivi des dossiers de transit" (ufuatiliaji wa mafaili ya mizigo ya transiti), "Préparation des déclarations en douane" (uandaaji wa matamko ya forodha). Hapo umekwepa kunyambua vitenzi, na wenyewe ndivyo wanavyoandika.

Jasho litakutoka kwenye barua. Inafungwa hivi: "Veuillez agréer, Madame, Monsieur, l'expression de mes sentiments distingués." Ndefu, najua, ila usiifupishe.

Dalali wa Makontena
Kwenye Langues Kiswahili kikae juu kabisa, mkuu. Lubumbashi wanakiongea mtaani, kina ladha yake lakini mnaelewana. Huyo tajiri anataka mtu wa kupigiana simu na madereva na wateja wa kule, hatafuti mshairi. Na B1 iandike B1, usijifanye "courant", yaani unakiongea kwa ufasaha. Kuna jamaa aliandika hivyo, bosi akamuuliza kwa Kifaransa kwa nini aliacha kazi ya mwanzo. Akajibu "oui", yaani "ndiyo".

Kijana wa Kurasini
😂 Shukrani sana. Picha na umri je?

Shangazi Upanga
Picha si lazima, ingawa wengi bado wanaweka. Ukiweka iwe ya pasipoti, za harusini ziache. Umri usiandike kama tangazo halijauliza. Kabla ya Ijumaa mwone mwalimu yeyote pale Alliance Française akukagulie é na è zako, halafu tuma kwa PDF zisije zikavurugika njiani.