Kasa ametaga nje ya mpaka wa Saadani, nifanyeje?

MvuviPangani: Salaam ndugu zangu. Mimi ni mvuvi, kijiji chetu kiko kaskazini kidogo ya Hifadhi ya Saadani. Jana alfajiri nikishusha ngalawa nimekuta nyayo za kasa zimepanda ufukweni hadi kwenye majani, kisha zimerudi majini. Kuna mchanga umefukuliwa na kufukiwa. Kijana mmoja anataka tuchimbe mayai, eti hapa si hifadhini. Nimemkatalia. Lakini naogopa bamvua, maji yakijaa yatafika pale. Niyahamishe?

BibiMkwaja: Mwanangu, usiyaguse! Yai la kasa si la kuku. Likishakaa saa chache, mtoto hujishika kwenye ganda kwa ndani, ukiligeuza anakufa. Kama lazima yahamishwe, wahamishe waliofunzwa.

Na huyo kijana mwambie kanuni za uvuvi zinamlinda kasa popote. Mimi nimekulia Mkwaja enzi za ranchi ya ng'ombe. Ndorobo, yaani mbung'o, waliwatesa wale ng'ombe miaka na miaka, hadi ranchi ikafungwa mwaka 2000. Ardhi ile ikaunganishwa na pori la akiba, ndiyo Saadani iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Leo tembo wanapita palipokuwa na ng'ombe. Wageni husifia tembo na simba karibu na bahari, sawa, lakini mimi roho yangu iko Madete, ule ufukwe wa hifadhi ambako kasa hupanda kutaga. Pale askari wanamlinda. Akitoka pale anakuja kwenye nyavu zetu, na huku hana mlinzi ila sisi. Anangoja miaka ishirini na zaidi ndipo atage, halafu tumle mara moja?

Kipepeo_Tanga: Naongeza hili tu. Kiota huwa na mayai kama mia, hukaa siku 50 hadi 60. Usiku wa kutoka zimeni tochi na taa za pwani, maana watoto hufuata mwanga wakidhani ndiyo bahari.

MvuviPangani: Shikamoo bibi, nimekusikia. Watu wa BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi na ufukwe, wamekuja na mtu anayejua viota, wameangalia alama ya maji ya bamvua iliyopita: haifiki. Tumeyaacha palepale, tunalinda kwa zamu. Siku nazihesabu kwa mkaa ukutani, leo ni ya tatu.