Paipu ya sinki imepasuka karibu na ukuta (gumzo la kikundi cha majirani, Lamu)

Ijumaa, baada ya alasiri

Mama wa Kona: Assalaam aleikum majirani. Paipu ya kijivu chini ya sinki la jikoni imepasuka. Mashine ya kukatia sina, na sitaki grenda humu ndani, ukuta ni wa mawe ya kale na chokaa itapukutika yote. Yakatika kwa mkono?

Ami Fundi: Waaleikum salaam mwanangu. Yakatika, tena vizuri zaidi. Grenda huyeyusha plastiki, ukingo ukabaki na makamasi. Nipe vipimo: paipu ya ngapi, ufa uko wapi, na nyuma yake pana nafasi gani?

Mama wa Kona: Imeandikwa 50. Inatoka ukuta wa nyuma, inatembea ubavuni mwa ukuta mwingine mpaka kwenye elbo, kile kiungo cha kona, halafu inapanda kwenye trapu, ile paipu iliyopinda chini ya sinki inayobaki na maji. Ufa unaanza sentimita 7 kutoka ukuta wa nyuma, unaishia kama 15. Nyuma ya paipu kidole kimoja ndicho kinachopita.

Dukani: Mimi nina msumeno wa chuma na bledi. Ila fremu haitaingia hapo, kidole kimoja ni kidogo.

Ami Fundi: Ndiyo maana hapo ukutani tunakata mara moja tu. Wengi hukata pande mbili za ufa pale pale chini ya sinki, shingo imepinda, kisha wanashangaa kipande hakiingii kwa sababu ncha zote mbili zimekazwa. Wewe kata karibu na ukuta, legeza nati ya trapu kule juu, utoe paipu nzima pamoja na elbo yake. Kazi iliyobaki ufanyie uani kwenye mwanga.

Mama wa Kona: Nikate usawa wa ukuta kabisa ili paonekane pazuri?

Ami Fundi: La! Ukikata usawa wa ukuta, soketi, yaani kile kiungo cha kuungia paipu mpya, itashika nini? Itabidi utoboe ukuta. Pima kina cha soketi, yaani kutoka mdomoni mpaka kile kizuizi cha katikati. Tuseme ni mm 30. Basi kisiki kinachobaki kisipungue sentimita 4, nafasi ya kupaka gundi na kufuta.

Maalim wa Karakana: Na mwisho wa ufa usiuamini kwa macho. Ufa wa plastiki una mkia mwembamba usioonekana. Pangusa paipu ikauke, paka wino wa kalamu kisha futa haraka, wino utabaki ndani ya mstari. Kata sentimita 2 kupita mwisho wa mkia. Kama unaanza 7 kweli, kata kwenye 5.

Mama wa Kona: Nimepaka. Mkia umefika 6 na nusu.

Ami Fundi: Basi 4 na nusu. Inatosha.

Bibi wa Darini: Kwani msichukue kisu mkakipasha moto jikoni? Plastiki ni kama siagi.

Maalim wa Karakana: Bibi, shikamoo, hilo hapana. Hii ni PVC, plastiki ngumu ya paipu za maji machafu. Ikiungua hutoa moshi wenye asidi, unawasha macho na kifua, na jiko lenyewe lina dirisha moja. Halafu kisu cha moto kinaacha mdomo umevimba, hauingii kwenye soketi.

Bibi wa Darini: Marahaba. Basi nimenyamaza.

Mama wa Kona: Haya ami, fremu haiingii. Nakatia nini?

Ami Fundi: Una njia mbili. Ya kwanza, bledi tupu bila fremu. Funga kitambaa na tepu upande mmoja uwe mpini, kama urefu wa kiganja. Kwenye fremu meno hutazama mbele, unakata ukisukuma. Bledi tupu igeuze, meno yatazame kwako, ukate ukivuta. Ukisukuma bledi tupu inakunjika, na ikikatika ghafla inakupasua vidole.

Dukani: Nina za meno 18, 24 na 32 kwa inchi. Nimpe ipi?

Maalim wa Karakana: 24. Hesabu yake hii: paipu yake ukuta ni kama mm 3. Bledi ya 24 ina jino moja kila mm 1 na kitu, kwa hiyo karibu meno matatu yanakuwa ndani ya plastiki kwa wakati mmoja. Ya 18 yanakuwa mawili tu, inarukaruka na kung'oa vipande. Ya 32 inakata laini lakini inajaa unga wa plastiki na inachosha.

Dukani: Na hewa ya chumvi hii, msiache bledi dirishani. Siku mbili ina kutu. Ifuteni na mafuta kidogo muifunge kwenye karatasi.

Mama wa Kona: Njia ya pili?

Ami Fundi: Uzi wa waashi, ule wa nailoni. Kata mita moja na nusu, pitisha nyuma ya paipu, funga kijiti kila ncha, kisha vuta huku na huku kwa mikono mirefu. Msuguano unatoa joto, uzi unazama kwenye PVC. Hauhitaji nafasi zaidi ya unene wa uzi. Mambo matatu tu: usisimame katikati, maana plastiki itapoa na kuubana uzi humo humo; mikono iwe mbalimbali, isikutane, la sivyo uzi unajikata wenyewe; na uwe na uzi wa akiba.

Maalim wa Karakana: Mimi uzi naupenda pale tu ambapo bledi haifiki. Mkato wake huenda upande, na ukingo unabaki na mdomo ulioyeyuka ambao lazima uparwe. Mwenye nafasi ya kidole atumie bledi.

Ami Fundi: Nakubaliana na maalim. Uzi uwe wa akiba.

Mama wa Kona: Na mstari nauchoraje unyooke paipu ikiwa mviringo?

Ami Fundi: Karatasi ya daftari. Kata ukanda wa upana wa vidole vitatu wenye ukingo ulionyooka, uzungushe kwenye paipu mpaka ncha ikutane na mwanzo wake. Zikikutana sawasawa bila kupishana, umenyooka. Bana kwa tepu, chora pembeni mwa karatasi kuzunguka paipu yote. Usichore juu peke yake, hapo ndipo mikato inapokwenda mshazari.

Maalim wa Karakana: Na usikate kutoka juu hadi chini kwa safari moja. Anza kwa mvuto mfupi mfupi, chora mfereji mdogo kwenye mstari kuzunguka kote unakofika, ndipo uzamishe. Bledi itafuata ule mfereji. Mkono mwingine ushike kisiki cha upande wa ukutani. Kikitikisika, mtikisiko unaingia kwenye chokaa, na ufa mpya utatokea ndani ya ukuta usikouona.

Dukani: Karai chini kabla ya kuanza. Trapu ina maji ndani hata kama sinki ni kavu.

Ijumaa, baada ya maghribi

Mama wa Kona: Imekatika. Bledi, sikuhitaji uzi. Paipu nimeitoa pamoja na elbo. Sasa kipande kipya kiwe urefu gani? Zamani kutoka hapa nilipokata hadi mdomo wa elbo ilikuwa sentimita 37. Nilipima kabla.

Ami Fundi: Vyema sana kupima kabla. Mm 370 ni umbali unaoonekana tu. Paipu inaingia ndani ya elbo pia, ongeza kina cha elbo, mm 30. Upande wa kisiki, soketi ina kizuizi katikati, kipime, mara nyingi ni mm 2 au 3. Toa hiyo. 370 + 30 - 3 = 397. Ukisahau kina cha elbo, kipande kinakuwa kifupi kwa sentimita 3 na hakuna dawa ila kununua kingine.

Dukani: Mimi nafurahi wakisahau 😂

Ami Fundi: Cha kupanda kwenye trapu kisikuumize kichwa, pale juu pete ya mpira inasamehe hata sentimita moja.

Mama wa Kona: Nakibana wapi? Nina mbuzi ya nazi, imetulia vizuri.

Bibi wa Darini: Mbuzi yangu ile? Thubutu.

Ami Fundi: Hahaha, bibi ana haki, vumbi la plastiki litakaa kwenye meno ya mbuzi na mtalila kwenye tui. Chukua kigoda. Laza paipu juu yake, ifunge kwa ukanda wa mpira wa tyubu kuzunguka kigoda mara mbili, mstari wa kukata utoke nje ya ukingo kwa sentimita 5 tu. Ukitoka mbali paipu inachezacheza. Hapa tumia fremu, meno yatazame mbele, na zungusha paipu kila ukikata theluthi. Mwishoni shikilia kile kinachoanguka, kikining'inia kinavunjika na kuacha jino.

Maalim wa Karakana: Sasa sehemu ambayo watu wengi huiruka, na ndiyo inayovuja. Mkato wa msumeno unaacha manyoya ndani na nje. Ya ndani yatoe kwa kisu kidogo, uso wa kisu ukipara, usikate. Yakibaki yanashika nywele na nyuzi za nazi, baada ya miezi sinki linaziba na hujui kwa nini. Ya nje toa kwa tupa au msasa, kisha punguza ukingo mshazari kidogo, mm 1 au 2, kuzunguka kote.

Mama wa Kona: Mshazari wa nini?

Maalim wa Karakana: Ukingo mkali unasukuma gundi yote mpaka ndani, ukuta wa soketi unabaki mkavu. Kwa nje unaona gundi imejaa, kumbe ndani hakuna kitu. Watu wanalaumu gundi.

Dukani: Nithibitishe, wanalaumu na duka.

Ami Fundi: Kabla ya gundi, unganisha vyote vikavu. Kwa kavu paipu huenda isifike mwisho wa soketi, hiyo kawaida, ndiyo maana unapima kina kwa rula badala ya kusukuma. Chora mstari wa mm 30 kwenye kila ncha, na mstari mwingine mrefu unaovuka paipu na elbo ili ujue elbo itazame wapi. Ukishapaka gundi huna muda wa kufikiri.

Mama wa Kona: Kopo la gundi ninalo, la mwaka jana. Limekuwa zito kama halua.

Dukani: Tupa. Usiongeze petroli wala kitu chochote. Gundi hii haigandishi juu tu, inalainisha plastiki zote mbili zikashikana kuwa moja. Ikishakuwa halua dawa yake imeruka. Nitamtuma kijana na kopo dogo.

Ami Fundi: Futa kwa kitambaa kikavu, mchanga wa upepo umejaa kila mahali siku hizi. Kwenye soketi paka nyembamba, kwenye paipu nene kidogo mpaka kwenye mstari. Sukuma huku ukizungusha robo, shikilia sekunde 30, la sivyo inajirudisha nyuma yenyewe. Futa ya nje. Dirisha wazi, jiko limezimwa, gundi inashika moto upesi. Maji usiyapitishe mpaka kesho.

Bibi wa Darini: Na mimi ile paipu ya kijani ya tangi la darini, akija kijana aikate kwa msumeno huo huo?

Ami Fundi: Ya kijani ni PPR bibi, plastiki ya aina nyingine, hiyo ina mkasi wake. Msumeno unaacha nywele za plastiki, zinakwenda na maji mpaka kwenye mfereji wa kuogea na kuziba. Mkasi uwe mkali, ukiwa butu unabonyeza paipu ikawa yai. Na gundi haishiki PPR kabisa, huchomelewa kwa mashine ya umeme, nyuzi joto 260, ya mm 20 sekunde 5 tu. Tone la maji likidondoka hapo, kiungo hakishiki.

Maalim wa Karakana: Tone dogo ukishindwa kulizuia, sukuma kipande laini cha boflo, yaani mkate, ndani ya paipu. Kinanyonya kwa dakika chache, kisha kinayeyuka na kutoka. Lakini kwanza fungua kichujio cha mfereji, la sivyo boflo litakaa hapo.

Bibi wa Darini: Boflo kwenye mai ya kunywa! Mngoje mtu wa mkasi.

Mama wa Kona: Ami, lakini kwa nini ilipasuka? Haina hata miaka mitatu.

Ami Fundi: Unachujia wapi mchele wa biriani?

Mama wa Kona: Kwenye sinki.

Ami Fundi: Ndiyo hivyo. PVC hii inaanza kulegea ikipita nyuzi joto 60 hivi, na wewe unaimwagia sufuria nzima ya maji yanayochemka. Inalegea, inapinda kwa uzito wake, ikipoa inabaki na mvutano, basi inapasuka karibu na pale iliposhikwa, yaani ukutani. Fungua mfereji wa maji baridi kwanza ndipo uchuje, na weka kishikizo katikati ya hizo sentimita 37. Mteremko sentimita 1 kwa urefu huo watosha.

Dukani: Na unga wa plastiki uzoweni, msiufagie mferejini. Ule wa mtaani unaishia baharini.

Jumamosi, baada ya maghribi

Mama wa Kona: Nimeziba sinki, nimelijaza, nimefungulia kwa mpigo mmoja. Nimezungusha tishu kavu kila kiungo. Soketi kavu, elbo kavu. Trapu tishu imelowa kidogo.

Ami Fundi: Usikaze nati kwa spana, utaipasua. Ifungue utazame pete. Upande uliochongoka unatazama ndani ya trapu, na nati unakaza kwa mkono tu.

Mama wa Kona: Ilikuwa kinyume.

Mama wa Kona: Kavu.