Shela ya Amu: asili ya wenyeji wake na hesabu ya watu wake

Mzawa wa Shela aliye Malindi:

Assalaam aleikum wazee wangu na ndugu zangu. Nimezaliwa Shela, katika kisiwa cha Amu (ndiyo Lamu), lakini tangu nikiwa na miaka kumi nimelelewa Malindi kwa ami yangu, na sasa nasomesha huku huku. Shuleni nimetakiwa niandike kurasa mbili juu ya mji niliozaliwa, nami nimekwama mahali pawili.

Kwanza, nyanya yangu alikuwa na kawaida ya kusema kwamba sisi "tumevuka maji", akimaanisha kuwa wazee wetu walitoka Takwa, kule kisiwa cha Manda. Ningependa kujua kama jambo hilo lina ushahidi wowote mbali na maneno ya wazee. Pili, nimekuta hesabu ya wakazi wa Shela ambayo ni kubwa mno, kiasi kwamba nikiigawa kwa nyumba ninazozikumbuka, kila chumba kingelaza watu ishirini pamoja na punda wao. Je, mji umekua hivyo tangu niondoke, ama nimesoma vibaya?

Mzee wa Baraza:

Waaleikum salaam mwanangu. Nyanya yako hakukudanganya. Takwa ulikuwa mji wenye ukuta, msikiti wa Ijumaa na nyumba za mawe, uliositawi katika karne ya 15 hadi ya 17, kisha ukahamwa. Sababu inayotajwa sana ni maji: visima viliingia chumvi, na mji usio na maji matamu haukaliki hata ukiwa na ukuta wa namna gani. Ukiutazama mfereji wa bahari unaotenga Manda na Amu, utaona kwamba waliohama hawakwenda mbali. Walivuka tu wakapiga kambi upande wa pili, chini ya vilima vya mchanga, ambako ukichimba unapata maji ya kunywa. Vilima hivyo hunyonya mvua na kuihifadhi chini, na mpaka leo visima vya Shela ndivyo vinavyonywesha mji wa Amu. Ndiyo maana mimi hukasirika nikiona mtu anataka kujenga juu ya mchanga ule, lakini hayo tuyaache.

Ushahidi unaoutafuta uko Takwa kwenyewe. Nje ya ukuta kuna kaburi la mnara lenye maandishi ya tarehe ya Hijria inayoangukia mwanzoni mwa miaka ya 1680, na watu wa Shela wamedumu na desturi ya kuvuka mara mbili kwa mwaka kulizuru kaburi hilo na kuomba mvua. Watu hawaendi kuomba mvua kwenye makaburi ya wasiowajua. Kama unataka pia neno la wataalamu, magofu yale yalichimbwa na James Kirkman mwaka 1951.

Katika kurasa zako mbili usisahau Vita vya Shela, vilivyopiganwa mnamo mwaka 1812 au 1813, kwa kuwa waandishi hawakuafikiana juu ya mwaka. Mazrui, watawala wa Mombasa, na washirika wao wa kisiwa cha Pate walishuka ufukweni petu kwa nia ya kuitwaa Amu. Watu wa Amu waliwakabili na kuwarudisha nyuma mpaka pwani, na inasimuliwa kwamba walipofika kwenye vyombo vyao waliviona vimepwelewa, maji yametoka, jahazi zimelala ubavu juu ya mchanga. Waliouawa pale walikuwa wengi, na mimi nilipokuwa mdogo tulikatazwa kuchimbachimba kule vilimani kwa sababu upepo wa kusi ulikuwa ukifunua mifupa. Baada ya ushindi huo, kwa hofu kwamba Mombasa ingerudi, wazee wa Amu walimwomba Seyyid Said, mtawala wa Oman, awalinde. Ngome iliyo pale Mkunguni, katika mji wa Amu, ilikamilika mwaka 1821, na msikiti wetu wa Ijumaa, wenye mnara mweupe unaochongoka juu, ulijengwa mwaka 1829. Kwa hiyo huo mnara unaouona kwenye kila picha ya Shela ni mtoto wa vita vile, ingawa wageni wanaoupiga picha hawaambiwi.

Karani wa zamani:

Mwalimu, nami nijibu lile la pili, maana nilikuwa karani wa sensa mwaka 2019, katika kisiwa hiki hiki.

Jina Shela linabeba vitu viwili hapa Amu. Kuna mji wenyewe, ambao mtu mzima huuzunguka kwa miguu kabla chai haijapoa, na kuna wadi iliyopewa jina hilo kwa ajili ya uchaguzi, ambayo mipaka yake imepita mbali zaidi ya nyumba za mji. Anayechukua hesabu ya wadi akaiandika kuwa ni ya mji amewaongezea watu wa Shela majirani wasiowajua. Tafuta majedwali ya kata ndogo, na kabla ya kunakili namba, soma kwanza mipaka ya kata ndogo hiyo.

Jambo jingine ni namna tunavyohesabu. Sensa ya Kenya humhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa, ambao kwa mwaka ule ulikuwa ni wa tarehe 24 Agosti. Agosti ni mwezi wa wageni. Nilikuwa natembea na chaki, naandika namba juu ya kizingiti cha kila mlango, na katika uchochoro mmoja niliandika milango sita mfululizo: miwili ya wenyeji, mmoja wa nyumba ya wageni iliyojaa, na mitatu ya nyumba za watu wa Ulaya ambazo ndani mlikuwa na mlinzi peke yake. Nyumba hizo tatu zamani zilikuwa za jamaa mmoja waliohamia Mombasa. Basi wale jamaa walihesabiwa Mombasa, wageni wakahesabiwa Shela, na wewe mwalimu ulihesabiwa Malindi.

Vilevile usichukue ukuaji wa kaunti ukaupachika Shela. Kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 101,539 mwaka 2009 na 143,920 mwaka 2019, yaani iliongezeka watu 42,381 kwa miaka kumi, lakini kaunti hii si visiwa pekee. Upande wa bara kuna Mpeketoni, ambako serikali ilianza kuwapa watu mashamba mapema katika miaka ya 1970, na kuna Hindi na Witu, ambako ardhi ya kulima na kujenga ipo. Shela imebanwa na bahari mbele na mchanga nyuma.

Bibi wa Malindi:

Mwalimu, samahani nikuulize: hiyo hesabu uliyoikuta, ilikuwa chini ya kaunti gani? Nakuuliza kwa sababu hapa Malindi nasi tuna Shela yetu, mtaa wa kale ulio upande wa msikiti wa Juma na makaburi ya minara, na wadi moja ya Malindi imechukua jina hilo hilo, ikiandikwa kwa L mbili kama ile ya Lamu. Wadi yetu ni ya mjini na ina watu wengi sana. Mtoto wangu aliwahi kuleta kazi ya shule yenye kosa hilo hilo.

Mzawa wa Shela aliye Malindi:

Bibi, umenipata. Nimerudi kutazama, na juu ya jedwali pameandikwa Kilifi. Nimekaa Malindi miaka yote hii, napita mtaa huo kila Ijumaa, na bado sikutanabahi.

Nawashukuru nyote. Ya wadi nitayafuta. Ila mzee, nina swali jingine: kwa nini jamaa zetu walitawanyika? Maana hapa Malindi pekee najua nyumba nne zinazojiita za Washela.

Mzee wa Baraza:

Mwanangu, biashara iliondoka nao wakaifuata. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo bidhaa za bara zikawa na njia moja, nayo haikupita Amu. Mwaka 1907 utumwa ukafutwa kisheria, na mashamba yaliyokuwa yakiwatajirisha wenye nyumba za mawe yakakosa mikono. Mwenye jahazi akahamia penye shehena, mwanawe akaoa huko huko. Waliobaki walivua samaki, wakachonga vyombo, na watalii walipoanza kuja wengine wakauza nyumba.

Ziara ya Takwa ikifika nitakuarifu kupitia ami yako. Uje siku moja kabla, kwa sababu kijito kinachopita kwenye mikoko kwenda Takwa hupitika maji yakiwa yamejaa tu, na nahodha hamngojei mtu.