Ofisi ya utalii hapa Nairobi ilituuzia Kanisa la Mkunazini, ikatupeleka kupiga picha tu

Wadau, nina hasira na leo nitayasema yote. Kuna ofisi ya utalii hapa katikati ya jiji iliyochukua pesa zetu, sisi wazazi na watoto wetu wa kanisani, kwa ziara ya Zanzibar. Kwenye ratiba waliandika kwa herufi nzito: Kanisa Kuu la Kianglikana, Mkunazini, Mji Mkongwe, asubuhi nzima, kiingilio kimelipwa. Wengi tulilipa kwa sababu ya mstari huo. Fukwe ziko Diani, hatukuhitaji kupanda ndege kufuata mchanga.

Asubuhi nzima ikawa nusu saa. Langoni tukaambiwa kiingilio hakijalipwa, kila mtu atoe chake. Kiongozi wa ziara, kijana tuliyetoka naye Nairobi, akainamia simu yake kana kwamba hakuja nasi. Tukalipa, maana watoto walikuwa wanachomwa na jua. Haya, pesa hutafutwa. Kinachoniuma ni yaliyofuata.

Aliwaambia watoto kuwa kanisa lilijengwa na David Livingstone, yule mmisionari Mskoti, na kwamba moyo wake umo ndani ya ule msalaba wa mbao. Uongo mtupu! Livingstone alifia kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Jiwe la msingi la Mkunazini liliwekwa Krismasi ya mwaka huohuo, yeye keshakufa. Moyo wake ulizikwa kulekule chini ya mti, na msalaba ulioko kanisani ulitengenezwa kwa mbao za mti huo. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, na amezikwa hapohapo, nyuma ya madhabahu. Ndiye aliyeongoza kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiswahili cha Unguja. Mtoto wangu anafanya mtihani wa Kiswahili kila muhula, na amepita hatua chache kutoka kaburi la mtu huyo bila kuambiwa neno.

Jengo lenyewe hatukuliona. Nilitaka watoto watazame yale madirisha ya Kigothi yaliyochongoka juu, wayalinganishe na ya All Saints yetu pale Kenyatta Avenue, kisha waone jinsi Mkunazini walivyochanganya na mapambo ya Kiarabu. Kuta ni za mawe ya matumbawe, paa limepinda kama pipa lililopasuliwa kwa urefu. Kuna nguzo karibu na mlango zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba mafundi walifanya hivyo askofu akiwa safarini. Watoto wangelipenda hilo kuliko kitu chochote. Sisi tulikuwa tunapigiwa makofi: twendeni, twendeni, shamba la viungo linatungoja.

Halafu lile shimo la kumbukumbu nje. Kwa wasiolijua: hapo Mkunazini palikuwa soko la watumwa, hadi Sultan Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga, Juni 1873. Madhabahu, kwa maelezo ya wenyeji, imewekwa mahali uliposimama mti wa kuwachapia watu. Uani kuna sanamu za watu watano ndani ya shimo, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Shingoni wamefungwa mnyororo, na ni mnyororo halisi wa enzi zile. Kiongozi wetu akawapanga vijana ukingoni, akawaambia wacheke, akahesabu moja, mbili, tatu. Mmoja akainama akavisha sanamu kofia yake ya ufuoni. Kijana huyu tuliyemlipa atuongoze akaangua kicheko, akarekodi. Mzee mmoja wa pale akasogea, akasema kwa sauti ya chini, "Jamani wanangu, hapa palikuwa na watu." Kiongozi hata hakugeuka. Ni mimi niliyeiondoa ile kofia.

Na asiniambie mtu kwamba hayo ni mambo ya visiwani, hayatuhusu. Frere Town kule Mombasa ilianzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Vizazi vyao tunasali nao, tunapanda nao matatu hapa Nairobi. Ile kofia ilivishwa babu ya mtu.

Tuliporudi nilipiga simu ofisini. Dada aliyepokea akaniuliza, "Mama, si mliingia kanisani? Sasa shida ni gani?" Nikaomba kuongea na meneja, nikaahidiwa nitapigiwa. Sijapigiwa. Video nayo wameiweka kwenye ukurasa wao, imetiwa muziki, na nyuso za watoto wetu zinaonekana bila idhini ya mzazi yeyote.

Ninachotaka ni hiki: warudishe kiingilio tulicholipa mara mbili, waifute video hiyo leo, na wasimpeleke tena mtu Mkunazini na kiongozi asiyejua anasimama wapi. Palepale kuna wenyeji wanaoifahamu historia ya mahali hapo. Wawalipe hao waongee.

Risiti ya M-Pesa ninayo, ratiba ninayo. Kama nawe ulikuwa kwenye ziara ya namna hii, niandikie hapa na uhifadhi karatasi zako. Wasipojibu kufikia Ijumaa, napeleka malalamiko kwa wanaotoa leseni za kampuni za utalii, na ningependa tuwe wengi.