Blogu inanishinda, wiki ya tatu kimya. Naombeni ushauri wa ratiba

Mlima_Kwetu: Wakuu, habari za jioni. Nina blogu ya Kiswahili kuhusu kupanda Kilimanjaro, niko upande wa Moshi. Niliwaahidi wasomaji makala tatu kwa wiki. Wiki mbili naenda vizuri, ya tatu kimya. Hata zile nilizopanga zitoke zenyewe saa 12 asubuhi zinatoka saa tisa alasiri. Nifuate ratiba gani? Nimechoka kweli.

BintiUsa: Hilo la saa tisa nalijua. Umeandika 12:00 ukimaanisha saa kumi na mbili asubuhi. Kompyuta inasoma saa sita mchana. Halafu WordPress yako, programu inayoendesha blogu, bado iko kwenye UTC, saa ya kimataifa, nyuma yetu kwa saa tatu. Sita na tatu, tisa. Ingia mipangilio ya jumla, chagua Dar es Salaam, kisha andika 06:00. Na ujue WordPress haijiamshi: inaangalia foleni pale mtu anapofungua ukurasa. Asipoingia mtu alfajiri, makala inakaa palepale. Seva yako ikiruhusu, weka kazi ya cron (amri inayojirudia yenyewe) iite wp-cron.php kila dakika 15.

MzeeWaNjoro: Mimi nauliza leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwagusa wenye blogu, zikaandikwa upya 2020. Kijana, umekwenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuuliza ya kwako iko kundi gani? Bila hilo unajenga juu ya mchanga.

Mlima_Kwetu: Shikamoo mzee. Hilo nalifuatilia. Naomba turudi kwenye ratiba.

Kiboriloni: Mangi, makala moja inakula saa ngapi? Na hiyo wiki ya tatu huwa uko wapi?

Mlima_Kwetu: Maneno 1,000 pamoja na picha, saa nne. Wiki ya tatu huwa niko mlimani. Naongoza wageni, mara nyingi njia ya Machame siku saba, na usiku wa siku ya saba ndiyo naingia Marangu nikiwa hoi. Na niseme ukweli: nimeshapokea nusu ya malipo ya makala nane za kampuni moja ya utalii, mwisho 30 Juni. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika. Naona bora nitulie niandike tu.

Kiboriloni: Sasa ndiyo umesema. Zimebaki wiki sita. Makala tatu kwa wiki ni saa 72, ongeza 32 za kampuni, 104. Ukipata siku 20 za kuwa chini, ni zaidi ya saa tano kila siku. Haiwezekani. Shusha blogu iwe makala moja, kila Ijumaa: 24 na 32 ni 56, chini ya saa tatu kwa siku. Hapo huhitaji kuacha kazi, tena mwezi Juni wageni ndiyo wanaanza kujaa.

Usimalize makala moja kwa siku moja. Leo andika rasimu mbili, kesho zihariri zote. Ukihariri siku uliyoandika, jicho linaruka makosa. Picha zipunguze hadi upana wa pikseli 1,200, faili chini ya KB 200, bando litakushukuru. Usipande mlima bila akiba ya makala nne. Makala hizo ziwe za vifaa, chakula, mazoezi. Ada za hifadhi usiziwekee akiba: mwaka wa fedha wa Serikali unaanza 1 Julai, zikibadilika makala itatoka ikiwa imeshachacha.

Mlima_Kwetu: Lakini wasomaji niliwaahidi tatu. Na barua nimeifikiria mwaka mzima.

DadaSakina: Ahadi ya kwanza ni ya mtu aliyekupa hela yake. Mpigie leo, usingoje tarehe 29.

Macho_Mawili: Wakuu, hii ni chai. Machame inashukia Mweka. Marangu ni njia nyingine, anashuka nayo aliyeipanda au aliyepanda kwa njia ya Rongai. Mwongoza wageni gani halijui hilo?

Mlima_Kwetu: Sijasema nashukia Marangu. Nimesema naingia, ndiyo kwetu. Usiku wa kuamkia siku ya sita tunatoka kambi ya Barafu, tunafika kileleni, mita 5,895, tunashuka kulala kambi ya Mweka. Siku ya saba getini Mweka wageni wanachukua vyeti, narudisha mahema Moshi mjini, kisha gari ya Marangu kupitia Himo.

Macho_Mawili: Nimekuelewa, samahani. Basi jioni za mlimani zitumie. Beba daftari na penseli, kalamu ya wino inagoma kwenye baridi ya Barafu. Simu na pawabenki lala navyo ndani ya begi la kulalia, baridi inamaliza chaji. Mistari kumi tu kila jioni: mlitoka saa ngapi, mkafika saa ngapi, nini kilimsumbua mgeni. Siku ya kulala kambi ya Karanga mwendo ni mfupi, hapo rasimu nzima inawezekana.

BintiUsa: Saa umebadilisha?

Mlima_Kwetu: Nimeweka Dar es Salaam, makala ya Ijumaa iko 06:00. Kampuni nimewapigia, wanataka nne za kwanza tarehe 10. Barua bado iko kwenye begi.