Nimegota kilo 86, na Jumamosi ndo siku pekee nakunywa na mume wangu. Naombeni ushauri

FundiLigula
Habarini wakuu. Naombeni ushauri wa kweli, hata ukiwa mchungu nitaupokea. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 36, niko Mtwara mjini hapa Ligula, nashona nguo kwahiyo kutwa nzima nimekaa kwenye cherehani. Mwezi wa tatu nilikuwa kilo 91, nikapimwa presha ikasoma 142 kwa 91 wakaniambia nianze na kupunguza mwili kabla ya mambo ya dawa. Nikaanza kweli, saa kumi na moja alfajiri natoka natembea mpaka Shangani pembeni ya bahari narudi, vitumbua vya asubuhi nimeacha, ugali wa muhogo nimepunguza naongeza mboga, samaki nachoma au nachemsha. Nikashuka mpaka 86. Hapo ndo nimegota, wiki ya saba hii mzani hausogei.

Kitu ambacho sijakigusa ni Jumamosi. Mume wangu kazi yake iko Masasi kwenye ghala la korosho, anaingia Ijumaa usiku anaondoka Jumapili mchana. Jumamosi jioni watoto tunawaacha kwa mama yangu tunaenda kukaa sehemu, bia tatu, nne, tunaongea. Wiki nzima kwenye simu ni ada, luku, mtoto anakohoa, basi. Siku zingine sinywi hata tone. Dada yangu anasema acha pombe yote utapungua, lakini naona nikiiondoa Jumamosi nitakuwa nimeondoa kitu kikubwa kuliko bia. Je mtu anaweza kunywa kidogo na bado akapungua au najidanganya?

KakaWaChuno
Acha tu dada, hakuna njia ya katikati. Mimi mwaka wa nne huu sijagusa, tumbo limeisha lenyewe.

Nesi_Nachingwea
Mdogo wangu hujidanganyi, ila hesabu hujaipiga. Gramu moja ya pombe ina kalori 7. Wanga una 4, protini 4, mafuta 9, kwahiyo pombe iko karibu na mafuta kuliko ugali unaouogopa. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 inabeba kama gramu 20 za pombe, hizo ni kalori 140, weka na wanga wake unafika kwenye 200 hivi. Nne ni 800. Alafu mwili hauna pa kuitunza pombe, ini linahangaika nayo kwanza, mafuta yaliyopangiwa kuchomwa usiku ule yanasubiri, na ini halina haraka, bia nne za usiku mpaka alfajiri bado linazo. Sasa nijibu kitu kimoja kabla sijaendelea, mezani mnakula nini, na mchana wa Jumamosi unakula nini?

FundiLigula
Ahsante dada nesi. Mchana huwa sili ili nijiachie nafasi ya jioni. Jioni tunaagiza kuku nusu na chips sahani mbili, pweza akiwepo tunaongeza pweza.

Nesi_Nachingwea
Basi umeshaipata. Tuseme siku sita unajinyima kalori 300 kila siku, jumla 1,800. Jumamosi bia 800, sahani ya chips za kukaanga inakimbilia 600, kuku bado, pweza bado. Jioni moja inarudisha wiki nzima, ndo maana mzani umesimama pale pale, haujarogwa. Na huko kushinda njaa mchana ndo kunakuumiza zaidi, tumbo tupu pombe inapanda haraka, njaa inakuja na nguvu zake na mkono hautoki kwenye sahani. Kula mchana shibe ya kweli, samaki, kunde, mboga. Jioni ukifika hukimbilii chips. Kuku wa kuchoma na kachumbari vinatosha, pweza wa kuchemsha ndo mzuri zaidi maana hana mafuta.

MtotoWaNewala
Mabibo yakianza hamia kwenye uraka dada, ile ni juisi ya tunda haina kemikali, wazee wetu wamekunywa na hawakuwa na vitambi.

BibiTandahimba
Mjukuu wangu wazee hawakuwa na vitambi kwa sababu walishika jembe toka alfajiri. Mimi mabibo nimekamua miaka na miaka. Uraka wa asubuhi na ule uliolala sio kitu kimoja, wa asubuhi bado mtamu, uliolala ukikaribia pua tu unasikia umeshakuwa mkali, sukari ya tunda imegeuka pombe. Kwahiyo hakuna anayejua kikombe kina nguvu gani, huyu mama atahesabu nini? Na nipa, ile gongo ya mabibo, asiguse kabisa, ya kupika vibaya inapofusha macho na inaua.

Mikindani_78
Aende kwenye Konyagi, haina wanga.

Nesi_Nachingwea
Haina wanga ndio, lakini ni asilimia 35. Kachupa ka 200 ni gramu 55 za pombe, karibu kalori 390, sawa na bia mbili, na watu wengi wanaishushia na soda, soda ya chupa ya 350 ni kama vijiko tisa vya chai vya sukari. Na wale wa malti, soma lebo, sukari imejaa humo pia.

BabaWaNjiani
Dada mimi niko upande wa mumeo, nafanya kazi mbali na familia kama yeye. Nikuulize, yeye anajua kama umegota? Maana nakumbuka mke wangu alikuwa anakunywa sawa na mimi ili nisijisikie mpweke mezani, na mimi namwagizia ili asione namnyima, kumbe kila mtu anamnywea mwenzake. Siku aliyoniambia tukakubaliana mbili mbili. Mwambieni mhudumu asifungue mpaka aitwe, wengine wakiona chupa imebaki robo wameshaleta nyingine. Chupa tupu zikae mezani msikubali ziondolewe, mtaziona kwa macho. Na kila bia moja, chupa ya maji katikati.

Nesi_Nachingwea
Hapo kwenye mbili naunga mkono, ila dada nisikufiche. Kupungua utapungua, lakini usije ukaihesabu bia kama dawa. Shirika la Afya Duniani mwezi wa kwanza 2023 lilisema wazi hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya, na kwa sisi wanawake hata kidogo inaongeza hatari ya saratani ya matiti. Presha nayo pombe inaipandisha, kwahiyo ukirudi kupimwa mwambie daktari ukweli unakunywa kiasi gani. Na wengine mnaosoma, mjamzito asinywe kabisa, mwenye kisukari anayetumia sindano asinywe bila kula, sukari inaweza kushuka usiku amelala asiamke. Kingine dada, unapima siku gani?

FundiLigula
Jumatatu asubuhi.

Nesi_Nachingwea
Hamishia Ijumaa asubuhi kabla hujala. Jumatatu mwili bado umeshika maji ya chumvi ya Jumamosi, utajikatia tamaa bure.

FundiLigula
Wakuu nimerudi, wiki ya nne. BabaWaNjiani Mungu akubariki. Nilimwambia mume wangu Ijumaa ile ile alivyoingia, bado ameshika begi. Akakaa kimya kidogo akasema hakujua kabisa, alikuwa anaona nikiagiza moja anafikiri ndo raha yangu. Jumamosi tukabadilisha, saa kumi jioni tunatembea kwanza wote wawili mpaka Shangani, ndo tunaenda kukaa. Mbili zangu, mbili zake, maji katikati, kuku wa kuchoma na kachumbari. Jumamosi ya pili nilizidisha, zikawa tatu, kulikuwa na shemeji zangu na kila mtu anaagiza mzunguko, chips nikala. Ila mchana nilikuwa nimekula kwahiyo sikuimaliza sahani. Jumamosi iliyopita nilikunywa moja tu, maongezi yalikolea nikaisahau ya pili mpaka tunalipa.

Ijumaa hii asubuhi mzani umesoma 84.4. Presha narudi kupimwa Alhamisi, nitamweleza daktari zile bia zote kama dada nesi alivyosema.